Maji Hupotewa na Nguvu Ndani ya Bomba

Chemchemi ikiwa juu kilimani na kijiji kikiwa chini, watu wengi hudhani kwamba bomba lo lote litafaa. La inchi moja ni rahisi, basi hununuliwa hilo. Siku ya kufungua bilula maji hutoka kama yanayosinzia, na akina mama huirudia njia ya mtoni. Kosa si la chemchemi.

Maji yapitayo bombani husuguana na ukuta wake. Yale yaugusayo ukuta hayaendi kabisa. Ya katikati hukimbia, nayo huvutwa nyuma na yaliyo kando. Tena maji ya kasi hupinduka-pinduka, kama alivyoonyesha Osborne Reynolds mjini Manchester mwaka 1883, alipopitisha uzi wa rangi ndani ya maji katika bomba la kioo. Hayo yote hula nguvu ambayo maji yaliipata kwa kuteremka. Bilula zikifungwa hakuna mwendo, wala hakuna hasara. Kwa hiyo kipimo kisomwacho maji yametulia chaweza kumdanganya mtu.

Mjerumani Julius Weisbach aliandika kanuni ya hesabu hii mwaka 1845. Mfaransa Henry Darcy, yule aliyeuletea mji wa Dijon maji safi mwaka 1840, alipima mabomba ya namna nyingi, na mwaka 1857 alitangaza kwamba ukuta wenye kukwaruza hula nguvu kuliko ulio laini, jambo ambalo kanuni za zamani hazikulijali.

Urefu ukizidi mara mbili, hasara huzidi mara mbili. Mwendo ukizidi mara mbili, hasara huwa mara nne. Lakini upana ndio wenye ajabu. Maji yale yale yakipitishwa katika bomba lenye upana maradufu, mwendo hupungua ukawa robo, na hasara hushuka karibu mara 32.

Tuseme chemchemi iko mita 30 juu ya kijiji, na bomba la chuma lina urefu wa mita 1,000. La inchi moja litajaza kama debe moja kwa dakika. La inchi mbili, kama madebe sita, ingawa chuma chake ni kama mara mbili tu. Kona nazo zina hesabu yake: injinia huihesabu kila kona kama kipande cha bomba chenye urefu mara 30 ya upana wake. Tena huacha nafasi kwa ajili ya kutu, maana bomba la chuma halibaki laini.

Na fedha zikitosha nusu ya njia tu? Bomba pana hulazwa upande wa chemchemi, jembamba upande wa kijiji. Hata hivyo kijiji kitapata karibu debe moja na nusu kwa dakika, kwa sababu ile nusu nyembamba ndiyo itakayokula karibu nguvu zote.