Sepetu ya Miche na Kisu cha Mfukoni



Mche wa mkarafuu hauvumilii kukatwa mizizi. Sepetu ndogo ikipinda wakati wa kung'oa, donge la udongo huvunjika, na mche huweza kufa shambani. Basi ukifika dukani usitazame rangi. Tazama shingo, pale bapa linapoingia mpinini. Iliyofuliwa pamoja na bapa ni bora kuliko iliyounganishwa kwa kuchomelewa. Ikandamize ubaoni, ikipinda, mwachie mwenye duka.

Kisu cha kukunja kiwe na kizuizi, bapa lisije likafunga juu ya vidole. Cha chuma cha kawaida hunoleka upesi, lakini hewa yetu ya chumvi hukila: kifute, ukipake mafuta ya nazi. Kisichoshika kutu kukinoa kwataka subira.