Kuhama, Kuhamishwa, Kukimbia: Sarufi ya Kanuni za Wanafunzi Wanamichezo

Kila mashindano ya shule yana kanuni inayouliza: je, mchezaji huyu ni mwanafunzi halali wa shule anayoichezea, na amefikaje hapo? Lengo lake linaeleweka. Shule yenye fedha isinunue ushindi kwa kukusanya wachezaji wa shule nyingine wiki chache kabla ya michezo. Makala hii inachunguza maneno ya kanuni kama hizo, kwani mara nyingi kitenzi kilichochaguliwa ndicho kinachoamua nani atacheza.

1. Neno mamluki

Nchini Tanzania, katika michezo ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, mchezaji asiye na sifa huitwa mamluki. Neno hili limetoka Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa miliki na malkia. Maana yake ya asili ni “anayemilikiwa”. Mamluki walikuwa askari watumwa, na walitawala Misri tangu 1250 hadi 1517. Kiswahili kimelichukua kwa maana ya askari wa kukodiwa, kisha kikalipeleka uwanjani.

Tuangalie lililobadilika. Mamluki wa asili alikuwa na bwana aliyemnunua. Mamluki wa uwanjani anatajwa peke yake, kana kwamba alijileta. Mwalimu aliyemwita na shule iliyomwandikisha hawamo katika neno.

2. Mnyambuliko wa -hama

Kitenzi -hama kinatupa familia pana. Mhamaji ana kiambishi -aji, kinachoonyesha mazoea au kazi, kama katika mchezaji na mfugaji. Mhamiaji ametokana na kauli ya kutendea, -hamia: jicho liko kule anakokwenda. Katika kauli ya kutendesha, -hamisha, kuna anayemwondoa mwingine, na katika -hamishwa mtendaji anaweza kutajwa kwa na: “alihamishwa na mzazi wake”, “alihamishwa na kocha”.

Kanuni, hata hivyo, hupenda nomino: uhamisho. Nomino hii imejengwa juu ya -hamisha, lakini mtendaji amepotea. “Uhamisho wa mwanafunzi” hausemi nani alimhamisha wala kwa nini.

Sheria za nje zinaonyesha kwamba sababu inaweza kuandikwa. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA kinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, lakini kinaruhusu ikiwa wazazi wake wamehama kwa sababu zisizohusu kandanda. Marekani, kwa upande wake, imelegeza masharti. Katika vyuo vya NCAA, mchezaji wa michezo mikubwa kama mpira wa kikapu alilazimika kwa miaka mingi kukaa mwaka mmoja bila kushindana baada ya kuhama. Mwaka 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu hiyo, na mwaka 2024 kikomo cha idadi kiliondolewa, mradi masomo yake yawe mazuri.

3. Pinga: kitenzi cha tatu

Pinga iko mpakani mwa maeneo ya Masisi na Walikale. Kinyanga na Kihunde hukutana hapo, na Kiswahili huwaunganisha wasemaji wake. Mwaka 2012 na 2013, mapigano kati ya makundi ya NDC na APCLS yaliwafukuza wakazi, na baadaye vita vingine vikafuata. Ukiuliza kwa nini watoto walibadilisha shule, Kiswahili cha Kivu kinajibu kwa neno moja: balikimbia.

Kitenzi hiki kina watoto wawili. Mkimbiaji hushindana uwanjani. Mkimbizi huokoa maisha yake. Katika mkimbizi, sauti l ya kale, tunayoiona bado katika kimbilia, imegeuka z mbele ya kiambishi -i, kama ilivyotokea katika mzazi (zaa, zalia) na mjuzi (jua, julia). Mwanafunzi mmoja anaweza kuwa wote wawili, lakini fomu yenye neno uhamisho pekee haina nafasi ya kuandika hivyo. Itamdai barua ya ruhusa kutoka shule ambayo huenda imefungwa na mwalimu wake mkuu naye amekimbia. Akikosa barua, anaangukia upande wa mamluki.

4. Pendekezo

Mtu anaweza kupinga: tukiandika -kimbia ndani ya kanuni, shule zenye hila zitadai kila mchezaji hodari amekimbia vita. Hoja hiyo ina uzito. Jibu ni kutaja mtendaji na shahidi. Badala ya “mwanafunzi mwenye uhamisho hatacheza mwaka mmoja”, kanuni iseme: “mwanafunzi aliyehamishwa na shule au kocha kwa ajili ya michezo hatacheza mwaka mmoja, aliyekimbia vita atacheza, akishuhudiwa na chifu au mwalimu wa alikotoka.” Sentensi imekuwa ndefu, lakini adhabu imeelekezwa kwa aliyetenda.

Sisi wanafunzi wa lugha huombwa mara kwa mara kutafsiri kanuni za namna hii. Kabla ya kuandika uhamisho, tuulize kwanza: nani alimhamisha nani?