Sayansi ndani ya Mtungi wa Pombe ya Mtama

Mjini Mwanza, kama katika miji mingi ya nchi yetu, kilabu cha pombe ya kienyeji kina historia ndefu. Wasukuma walipika pombe ya mtama kwa sherehe, na kwa kuwakirimu majirani waliokuja kusaidia kulima. Mji ulipokua, hasa baada ya reli kufika mwaka 1928, pombe ilizidi kuwa bidhaa ya kuuzwa. Baada ya Uhuru, biashara hiyo iliwekwa chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Je, ndani ya mtungi hutokea nini?

Kimea

Punje ya mtama imejaa wanga, lakini hamira haiwezi kula wanga, hula sukari. Kwa hiyo mpishi huloweka mtama, huuacha uote, kisha huuanika. Hicho ndicho kimea. Punje inapoota huunda vimeng'enya vinavyoukata wanga kuwa sukari.

Wanga wa mtama hulainika katika joto la nyuzi 70 hivi za Sentigredi au zaidi. Vimeng'enya, kwa upande wake, hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 60, na huharibika katika uji unaochemka. Ndiyo maana mpishi hupika uji kwanza, huusubiri upoe, ndipo hutia kimea. Hana kipimajoto, hutegemea mkono wake na uzoefu.

Kuchachuka

Hamira hugeuza sukari hivi:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Gramu 180 za glukosi zikichachuka zote hutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za kaboni dioksidi. Gesi hiyo ndiyo ifanyayo povu. Bakteria nao hutengeneza asidi ya laktiki, iletayo ukali.

Bia nyingi za kiwandani huchujwa na kupashwa moto ili hamira ife. Pombe ya kilabu, kama bia ya mapipa katika baa za kale za Uingereza, huuzwa hamira ikiwa hai. Kwa sababu hiyo haikai. Baada ya siku chache huharibika.

Hatari ya nafaka mbovu

Mwezi Januari 2015, watu 75 walikufa huko Chitima, Msumbiji, baada ya kunywa pombe ya kienyeji. Uchunguzi ulionyesha sumu iliyotengenezwa na bakteria waliomea katika unga wa mahindi. Sumu hiyo, kama ile ya ukungu wa nafaka, haiondolewi kwa kuchemsha. Nafaka iliyooza haifai kwa uji, wala kwa ugali, wala kwa pombe.

Jaribio

1. Pika uji mwembamba sana, uache upoe hadi nyuzi 60, uugawe katika neli A na B.
2. Loweka kimea kilichosagwa katika maji baridi, uchuje. Chemsha nusu ya maji hayo, uyaache yapoe.
3. Tia maji yasiyochemshwa katika A, na yaliyochemshwa katika B. Weka neli zote katika maji ya nyuzi 60.
4. Kila baada ya dakika 5, chukua tone la kila neli, ulitie iodini.

Rangi ya buluu iliyokoza huonyesha wanga. Ni neli ipi itakayoacha kuonyesha rangi hiyo, na kwa nini?