Mapacha Waliozaliwa Kabla ya Wakati: Namna ya Kuwalisha Nyumbani

Kijitabu kwa familia za Kindu

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Ni cha mama aliyerudi nyumbani na watoto wawili wadogo, awe anakaa Kasuku, Mikelenge au Alunguli. Ni cha baba pia, cha bibi, cha shangazi, na cha kila anayeishi katika nyumba hiyo.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba ametoka tumboni kabla ya kukomaa. Duniani, karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa hivyo. Mwaka 2020 walikuwa kama milioni 13.4. Kwa mapacha hutokea mara nyingi zaidi.

Maelezo haya ni ya watoto ambao daktari au muuguzi amewaona, amewapima kilo na kuwaruhusu kurudi nyumbani. Wakizaliwa nyumbani, wapeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, wakiwa kifuani, ngozi kwa ngozi.

USINGOJE WALIE

Mtoto aliyetimiza miezi yake akiona njaa hulia mpaka jirani ajue. Aliyezaliwa mapema hana nguvu hiyo. Akikosa maziwa hulala, na kadiri anavyokosa ndivyo anavyozidi kulala. Watu humsifu kwa upole, kumbe ni njaa.

Kwa hiyo lisheni kwa saa: saa 12, saa 3, saa 6, saa 9, mchana na usiku. Hizo ni mara 8. Muuguzi akisema kila baada ya saa 2, fuateni neno lake. Wekeni kengele kwenye simu. Mtoto akiwa usingizini, mfungulie nguo, msugue nyayo na mgongo taratibu mpaka aamke.

KUKAMUA MAZIWA

Kunyonya kunataka mtoto avute, ameze na apumue kwa mpangilio, na wengi hawaliwezi hilo kabla ya kufikia umri wa wiki 32 hadi 34 za mimba. Anayechoka haraka kwenye titi apewe maziwa ya mama kwa kikombe.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha kikombe chenye mfuniko.
2. Weka kidole gumba juu ya titi na cha shahada chini yake, nyuma ya sehemu nyeusi. Sukuma kuelekea mbavu, bana, achia. Usivute chuchu.
3. Zungusha vidole ili kila upande ukamuliwe. Badilisha titi kila maziwa yakipungua, kwa dakika 20 hadi 30.
4. Kamua angalau mara 8 kwa siku, usiku pia. Titi lisilotolewa maziwa hupunguza kuyatengeneza.

Funika maziwa, yaweke kivulini, yatumike ndani ya saa 4. Yaliyobaki katika kikombe cha mtoto yamwagwe.

KULISHA KWA KIKOMBE

Mpakate mtoto akiwa macho, ameinuka nusu. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, maziwa yafike mdomoni tu. Usimmiminie. Atayaramba kwa ulimi, atapumzika, ataendelea. Akifunga mdomo, ametosheka. Biberoni iacheni: ni ngumu kuisafisha na huleta kuhara.

Kipimo hutolewa na muuguzi, kwa sababu hubadilika kadiri mtoto anavyokua. Tuseme Hasani ana kilo 2 na Huseini kilo 1.8, na muuguzi ameagiza mililita 160 kwa kila kilo kwa siku. Hasani atapata mililita 320, yaani 40 kila mara kwa mara 8. Huseini atapata 288, yaani 36. Tumieni sirinji isiyo na sindano kupimia. Kila mmoja apewe haki yake. Msigawe sawasawa kwa macho.

KUNYONYESHA WAWILI

Anza na mmoja mmoja. Mkizoea, waweke wote pamoja: kila mtoto chini ya kwapa moja la mama, miguu ikielekea nyuma ya mama, juu ya mto au vitenge vilivyokunjwa. Mwenye nguvu akivuta, maziwa hushuka kwenye matiti yote mawili, na mdogo hupata kwa urahisi. Badilisheni upande kila siku, mdogo asibaki na titi moja. Asiyemaliza kunyonya aongezewe kwa kikombe.

Maji, maji ya sukari, dawa za majani, uji na maziwa ya unga ya chai visiingie kinywani mwao. Maziwa ya mama peke yake yanatosha mpaka miezi 6, pamoja na vitamini na madini ya chuma kama kituo kikiagiza. Maziwa yakipungua, au mama akiwa hayupo, nendeni kituo cha afya kabla ya kununua chochote dukani.

JOTO NI SEHEMU YA CHAKULA

Mtoto anayepata baridi huteketeza maziwa kutafuta joto badala ya kuongeza uzito. Mwaka 1978, huko Bogotá, Kolombia, ambako mashine za kuwatunzia watoto waliozaliwa mapema zilikuwa chache, madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez walianza kuwaweka kifuani mwa mama. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri wakae hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku.

Mvue nguo, mwachie kofia, soksi na nepi. Mlaze wima kati ya matiti, uso pembeni, pua wazi, kisha mfunge kwa kitenge. Mama akimbeba mmoja, baba au bibi ambebe mwingine.

KAZI YA WATU WA NYUMBANI

Vinywa ni viwili, mama ni mmoja. Kukamua na kulisha mara 8 kunakula siku nzima. Basi maji, kuni, kutwanga sombe na kufua viwe vya wengine. Mama ale wali au bugali, maharage, samaki, karanga na mboga, anywe maji kila anaponyonyesha. Mwezi wa Ramadhani, mama anayenyonyesha ana ruhusa ya kutofunga. Wote watatu walale ndani ya chandarua chenye dawa.

MTAJUAJE WANASHIBA?

Kila mtoto alowanishe nepi 6 au zaidi kwa siku. Siku za kwanza uzito hupungua kidogo. Kufikia wiki 2 uwe umerudi. Baada ya hapo aongeze gramu 20 au zaidi kwa siku. Wapimwe kila wiki, kila mmoja na karatasi yake, na alinganishwe na kilo zake za wiki iliyopita, si na za pacha wake.

PELEKENI HOSPITALI MARA MOJA

Mmoja wao tu akiwa na hata moja ya dalili hizi:

- anakataa kula au haamki;
- ana baridi hata akiwa kifuani, au ana homa;
- anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea, au anaacha kupumua;
- midomo imekuwa ya bluu;
- viganja na nyayo ni vya manjano;
- tumbo limevimba, anatapika kijani, au choo kina damu;
- kitovu ni chekundu au kinatoa usaha;
- anashtuka kwa degedege.

Kama hospitali iko ng'ambo ya mto, wekeni akiba ya nauli ya mtumbwi na pikipiki tangu leo. Safirini naye kifuani, na mwenzake aende pia, ili mama aendelee kuwalisha wote wawili.