Bomba Linalovuja Huiba Maji Yako

Hapa kwetu Nachingwea na Ruangwa mvua ni za msimu mmoja tu. Zikikatika, kiangazi ni kirefu. Mwenye bustani ya mchicha au nyanya hutegemea bomba, kisima au tangi. Kwa hiyo kila tone lina thamani.

Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji umbali usiozidi mita 400. Mabomba yalijengwa, lakini mengi yalikufa kwa kukosa matunzo. Tusirudie kosa hilo.

TUPIGE HESABU

Koki yako inadondosha matone. Unasema, "Aa, ni kidogo tu." Haya, weka chombo cha lita 1 chini yake. Tuseme kinajaa kwa dakika 10.

Kwa saa 1: lita 6.
Kwa siku 1: 6 x 24 = lita 144.
Kwa siku 30: 144 x 30 = lita 4,320.

Ndoo moja ni lita 20. Basi umemwaga ndoo 216! Kama maji unalipia, zidisha kwa bei ya ndoo. Utashangaa.

TUTAFUTEJE MAHALI PANAPOVUJA?

1. Usiku, funga koki zote. Soma dira ya maji, andika namba. Ngoja saa moja bila mtu kuchota. Soma tena. Namba ikibadilika, bomba linavuja. Kama huna dira, weka alama kwenye tangi, uangalie asubuhi.

2. Pita polepole juu ya njia ya bomba. Majani yote yamekauka, lakini pale pana majani mabichi? Kuku wanakunywa kwenye tope? Chimba hapo taratibu. Jembe lisitoboe bomba.

3. Angalia zaidi kwenye viungio, penye njia ya watu na ng'ombe, na pale bomba la plastiki linapopigwa na jua.

4. Kwenye mchanga maji huzama, huoni tope. Hapo funga koki ya katikati, kisha rudia kusoma dira. Utajua ni upande gani.

TUTENGENEZEJE?

Kwanza funga maji.

Koki inayodondosha: ifungue kichwa, badilisha wosha iliyolika. Wosha ni kitu cha bei ndogo.

Kiungio cha nyuzi: kifungue, safisha nyuzi, zungushia tepu ya mabomba kufuata upande wa kukazia, kisha kaza.

Mpira wa kumwagilia uliotoboka: kata kipande kibovu. Chovya ncha katika maji ya moto zilainike. Ingiza kiungio, kaza kwa klipu.

Kufunga tundu kwa mpira wa baiskeli ni msaada wa siku moja mbili tu. Usiache hivyo.

Ukimaliza, fungulia maji na uangalie kabla ya kufukia.

HATARI YA AFYA

Maji yakikatika, tundu lile lile lililotoa maji linaweza kunyonya tope na uchafu na kuuingiza ndani ya bomba. Maji yakirudi, watoto wanakunywa. Hapo ndipo kuhara na kipindupindu vinapopata njia. Basi kuziba tundu si kuokoa maji tu, ni kuokoa watu.

BOMBA LA KIJIJI

Bomba la wote usilichimbe peke yako. Toa taarifa mapema kwa chombo cha maji cha kijiji chenu. Vyombo hivi vinasimamiwa na RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Usiseme, "Si langu." Ni lako.

MASWALI YA KUJADILI

1. Chombo cha lita 1 kikijaa kwa dakika 5, ni ndoo ngapi zinapotea kwa siku 30?
2. Kwa nini majani mabichi wakati wa kiangazi ni dalili?
3. Kijijini kwenu, nani hupewa taarifa bomba likipasuka?