Kutu, Chumvi na Pikipiki Kuukuu: Somo kutoka Pwani ya Bagamoyo

Mtu asafiriye kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, akapita Bunju, Mapinga na Kerege, huwa na bahari upande wake wa kulia. Hata pale asipoiona, dalili zake huonekana: mabati yaliyotoboka, nondo zilizovimba hata zikapasua zege, na misumari iliyogeuka unga mwekundu. Pembeni mwa mji wa Bagamoyo, kule Nunge, chumvi huvunwa kwa kuyaacha maji ya bahari yakaushwe na jua katika mabwawa. Chumvi hiyohiyo, ikiwa ndani ya matone madogo mno yatokayo kwenye mawimbi, huchukuliwa na pepo za kusi na kaskazi na kutua juu ya kila chuma kilichoko karibu na ufuo.

Miongoni mwa vyuma hivyo ni pikipiki za zamani zilizoegemezwa kuta za nyua, zikingoja siku ambayo mwenyewe, mwanawe au mjukuu wake atapata nafasi ya kuzifufua. Siku hiyo ikifika, watu wengi huanza kwa kununua petroli na rangi. Petroli ni ya kuinguruma injini, na rangi ni ya kuficha kutu. Mwanzo huo una hatari, kwa sababu pikipiki inayong'aa na kunguruma yaweza kuwa na fremu iliyoliwa kwa ndani na breki zisizoshika. Makala haya yanaeleza hatua za kufufua pikipiki kuukuu nyumbani, pamoja na sayansi iliyomo katika kila hatua.

Mfano utakaotumika

Ichukuliwe pikipiki ya aina ya Honda CG125, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1976. Iliundwa hasa kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki ni chombo cha kazi, hubebeshwa mizigo mizito, na pengine hukosa matunzo ya mara kwa mara. Vali za injini yake husukumwa na vijiti vya chuma, bila kutegemea mnyororo wa ndani unaohitaji kukazwa, na mnyororo wa gurudumu la nyuma umefunikwa wote ili usiingiwe na vumbi. Kipenyo cha silinda ni milimita 56.5 na mwendo wa pistoni ni milimita 49.5. Mwanafunzi akitumia kanuni ya mjao wa mcheduara atapata sentimita za ujazo 124, ambazo ndizo asili ya jina "125". Viwanda vingi vya China baadaye viliunda injini za mfano huo, na kwa sababu hiyo baadhi ya vipuri vinavyouzwa kwa ajili ya pikipiki za bodaboda huweza kuifaa. Hata hivyo, kila kipuri hupimwa kwanza, kwa maana kufanana kwa sura si kulingana kwa vipimo.

Kutu ni nini

Chuma hakishiki kutu kwa hewa peke yake wala kwa maji peke yake. Huhitaji vyote viwili. Mahali pamoja juu ya chuma, atomu za chuma huachia elektroni na kuwa ioni. Mahali pengine, oksijeni na maji hupokea elektroni hizo. Mwisho wa mfululizo huo ni kutu, ambayo ni oksidi ya chuma iliyochanganyika na maji:

4Fe + 3O₂ + 2nH₂O → 2Fe₂O₃·nH₂O

Chumvi haimo katika mlinganyo huo, lakini huharakisha kazi kwa njia tatu. Kwanza, maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na ioni husafiri kwa wepesi. Pili, ioni za kloridi huvunja utando mwembamba ambao ungekikinga chuma. Tatu, chumvi hufyonza mvuke wa maji kutoka hewani. Chumvi ya kawaida huanza kujiyeyusha yenyewe unyevuanga unapofika kama asilimia 75, kiwango ambacho usiku wa pwani hukipita mara kwa mara. Chumvi za magnesi zilizomo katika maji ya bahari huyeyuka katika hewa iliyo kavu zaidi ya hapo. Kwa hiyo chuma cha ufuoni huweza kuwa na unyevu hata kama mvua haijanyesha kwa wiki nyingi.

Jambo hili laweza kujaribiwa darasani. Huchukuliwa misumari mitano safi na neli tano za majaribio. Neli ya kwanza huwekwa kloridi ya kalisi kavu, kisha hufungwa. Ya pili hutiwa maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa tabaka la mafuta. Ya tatu hutiwa maji ya mvua. Ya nne hutiwa maji ya bahari. Ya tano hutiwa maji ya bahari, na msumari wake huviringishiwa kipande cha zinki. Baada ya siku saba wanafunzi hulinganisha misumari na kueleza sababu za tofauti walizoziona.

Kuosha kabla ya kukwangua

Kutokana na maelezo hayo, kazi ya kwanza si msasa bali ni maji. Chumvi ikibaki juu ya chuma na rangi ikapakwa juu yake, adui huwa amefungiwa ndani ya nyumba. Maji hupenya polepole katika rangi yakiifuata chumvi, rangi huvimba malengelenge, na kutu huendelea bila kuonekana.

Hapa pana mtego ambao watu wa pwani wanapaswa kuujua: maji ya visima vingi vya mwambao yana chumvi. Kuosha kwa maji hayo ni kuongeza kilekile kinachoondolewa. Maji ya mvua yaliyokingwa wakati wa masika au vuli yanafaa zaidi.

Shule yenye maabara huweza kuhakiki kazi hiyo. Sehemu iliyooshwa hupanguswa kwa pamba iliyoloweshwa maji safi yaliyotoneshwa, kisha pamba hukamuliwa ndani ya neli. Hutiwa matone machache ya asidi ya nitriki na baadaye matone ya nitrati ya fedha. Mashapo meupe yakitokea, kloridi ingalipo na uoshaji hauna budi kurudiwa. Maji yaliyotoneshwa yenyewe hupimwa kwanza vivyo hivyo, ili kuhakikisha kwamba hayana kloridi.

Kuondoa kutu na kuichunguza fremu

Kutu ya juu huondolewa kwa brashi ya waya na msasa. Vipande vidogo vya chuma cha kawaida huweza kulowekwa katika siki au maji ya ndimu, kwa sababu asidi huiyeyusha oksidi ya chuma. Lakini asidi haijui mahali pa kukomea: kutu ikiisha, hukila chuma chenyewe. Basi kipande huangaliwa mara kwa mara, huoshwa katika mmumunyo mwepesi wa magadi ili asidi iliyosalia iuawe, husuuzwa kwa maji ya mvua, hukaushwa na kupakwa oili mara moja. Springi, spoku na bolti za chuma kigumu hazilowekwi katika asidi, kwa kuwa haidrojeni inayotoka huweza kuzifanya ziwe rahisi kuvunjika.

Baada ya kutu kuondolewa, fremu huchunguzwa. Mahali pa kutazamwa zaidi ni chini ya kiti, shingo ya usukani, maungio yaliyochomelewa, na mabomba yanayokusanya maji. Fundi hugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Chuma kizima hulia wazi, chuma kilicholiwa hulia kwa sauti iliyofifia. Ncha ya bisibisi ikizama mahali popote, kazi husimama hadi fremu ipelekwe kwa mchomeleaji hodari au ibadilishwe. Hapa rangi haina msaada wowote.

Fremu ikiwa nzima, hupakwa kwanza rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi ya juu. Zinki huachia elektroni kwa urahisi kuliko chuma, hivyo huliwa yenyewe badala ya chuma. Mafundi wa majahazi walijua tangu zamani umuhimu wa kukinga. Waliipaka mbao sifa, mafuta ya papa, ili kuzuia maji. Ndani ya mabomba ya fremu, ambamo brashi haifiki, oili hufanya kazi ya namna hiyo.

Bolti zilizonasa

Mwili wa injini ni wa alumini, na bolti zake ni za chuma. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri ndogo. Alumini huliwa, na oksidi yake huishika bolti kwa nguvu. Kulazimisha kwa spana huikata bolti. Njia bora ni kutia oili nyepesi na kuiacha usiku kucha, kisha kumwagia maji yanayochemka. Kwa kila digrii moja ya Selsiasi, alumini hutanuka sehemu 23 katika milioni, na chuma sehemu 12 tu. Tundu lenye kipenyo cha milimita 8, likipashwa joto kwa digrii 60, huizidi bolti yake kwa milimita 0.005 hivi. Nafasi hiyo ni ndogo, lakini huweza kutosha kuvunja mshiko wa oksidi. Moto wa wazi usitumiwe kamwe karibu na tangi au kabureta.

Kuiamsha injini

Injini iliyolala miaka mingi haipigwi kiki kwa nguvu, maana ringi za pistoni huenda zimeshikamana na silinda. Plagi hufunguliwa, kijiko kimoja cha oili hutiwa kupitia tundu lake, na injini huachwa hadi kesho yake. Kisha huzungushwa polepole kwa mkono. Oili ya zamani humwagwa katika chombo, si ardhini, kwa kuwa huharibu udongo na maji ya visima.

Injini ya petroli hudai mambo matatu: mgandamizo, cheche kwa wakati wake, na mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli. Kwa uzani, petroli huhitaji hewa mara 14.7 hivi ili iungue yote. Kazi ya kuvichanganya ni ya kabureta. Hewa ipitapo mahali pembamba huongeza kasi, shinikizo lake hupungua, na petroli huvutwa juu kupitia kitundu chembamba. Petroli iliyokauka humo huacha gundi inayokiziba. Kitundu hicho huoshwa na kupulizwa; hakichokolewi kwa waya, kwa sababu kikipanuliwa hata kidogo uwiano huharibika. Platini, ambazo hukata umeme ili cheche itokee, husafishwa, na nafasi zake na za plagi hupimwa kulingana na kitabu cha pikipiki yenyewe.

Kusimama kabla ya kwenda

Injini ikinguruma, wenye nyumba hushangilia na kijana hutaka kuingia barabarani. Hapo ndipo uvumilivu hutakiwa zaidi, maana breki bado hazijajaribiwa.

Pikipiki hii na dereva wake huweza kuwa na tungamo la kilo 170. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11.1 kwa sekunde, nishati mwendo (½mv²) ni jouli 10,500 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa ni jouli 42,000: mwendo umeongezeka mara mbili, nishati mara nne. Nishati hiyo yote hugeuzwa joto na breki. Breki nzuri zikitoa kani iliyo nusu ya uzito, yaani nyutoni 833, pikipiki iliyokuwa katika kilomita 40 kwa saa itasimama baada ya mita 12.6. Kani ikipungua kwa nusu kwa sababu ya kutu na grisi ndani ya breki, itahitaji mita 25. Katika barabara ambayo wanafunzi huivuka asubuhi na jioni, tofauti ya mita 12 huweza kuwa tofauti ya uhai na kifo.

Viatu vya breki vya zamani huenda vikawa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Vumbi hilo lisipulizwe wala lisipigwe msasa. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Viatu vilivyoisha au vilivyolowa grisi hubadilishwa, na waya za breki zilizokatika nyuzi hutupwa. Matairi nayo huchunguzwa, kwa sababu mpira huzeeka hata usipotumika. Tairi lililoundwa tangu mwaka 2000 mara nyingi huwa na tarakimu nne ubavuni, zinazotaja wiki na mwaka wa kuundwa. Tairi lenye mipasuko haliaminiki, hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Jaribio la mwisho hufanywa katika uwanja mkavu, mgumu, usio na watu. Dereva mwenye leseni, aliyevaa kofia ngumu, hufunga breki akiwa katika kilomita 20 kwa saa, na umbali hupimwa kwa futikamba. Ukiwa mita 3 hadi 4, breki zafaa. Ukifika mita 6, pikipiki hurudi uani.

Hatimaye hubaki masharti ya sheria: taa, honi na vioo vinavyofanya kazi, usajili ulio sahihi, na bima. Chombo kilichotimiza hayo yote ndicho kilicho tayari kwa barabara. Nacho kikirudi nyumbani Bagamoyo kila jioni huhitaji kupanguswa chumvi kwa maji baridi, kwa sababu bahari haipumziki.

Maswali

1. Kwa nini msumari uliofungiwa zinki haushiki kutu upesi katika maji ya bahari?
2. Eleza hatari ya kuosha fremu kwa maji ya kisima cha pwani kabla ya kupaka rangi.
3. Kokotoa umbali wa kusimama kwa kilomita 60 kwa saa, ikiwa tungamo ni kilo 170 na kani ya breki ni nyutoni 833.
4. Dereva hutumia sekunde moja kutambua hatari. Ongeza umbali huo katika jibu la swali la 3, kisha ulinganishe na upana wa barabara iliyo karibu na shule yako.