Tangi la Motakaa: Kadiri Yake na Namna ya Kulijaza

Mtu ashukaye kutoka Timau kwenda Isiolo huiona nchi ikigeuka mbele ya macho yake. Mashamba ya ngano hukoma, baridi ya Mlima Kenya hubaki nyuma, na mbele yake hutanda nchi kavu ya migunga na mawe ambayo haina mwisho mpaka Uhabeshi. Zamani za ukoloni palikuwa na kizuizi Isiolo, na kwa sheria ya 1902 mgeni hakuruhusiwa kuingia nchi za kaskazini bila hati ya Serikali. Sheria hiyo haipo tena. Lakini swali alilojiuliza kila dreva aliposimama kizuizini lingali lile lile: petroli iliyomo tangini itanifikisha wapi?

Katika miaka ya 1950 swali hilo halikuwa la mzaha. Land Rover ya siku zile ilikuwa na tangi la galoni 10, yaani kiasi cha lita 45. Ikiwa ilikwenda maili 15 kwa galoni moja, na juu ya mawe na mchanga dreva aliyepata maili 15 alishukuru, basi tangi lililojaa lilikwisha baada ya maili 150. Kutoka Isiolo mpaka Marsabit ni maili 160 hivi. Maana yake ni kwamba gari liliondoka Isiolo limejaa kabisa, nalo likakauka maili 10 kabla ya kufika mlima wa Marsabit, mahali ambapo hapana duka wala kisima. Kwa sababu hiyo hapakuwa na dreva mwenye akili aliyeondoka bila madebe mawili ya petroli nyuma ya gari. Debe moja ni galoni 4. Mawili ni 8, nayo yalimpa maili 120 zaidi.

Kwa miaka mingi lami ilikoma Isiolo. Kufikia 2017 barabara ya lami ilikuwa imekwisha kufika Moyale, na leo vituo vya petroli vipo Isiolo, Marsabit na Moyale. Urahisi huo umewafanya watu wengi wasahau hesabu. Hutazama kijiti cha geji tu, wakaondoka.

Geji si kipimo cha haki kama mizani ya dukani. Ndani ya tangi mna boya dogo lielealo juu ya petroli, nalo limefungwa kwenye mkono wa chuma. Petroli ikipungua boya hushuka, na mkono ule hupeleka habari kwa njia ya umeme mpaka kwenye geji. Gari likiwa limeinama mlimani, petroli hukimbilia upande mmoja na boya husema uwongo. Tena tangi halina umbo la sanduku. Mara nyingi limekunjwa lipate kukaa chini ya kiti au juu ya ekseli, kwa hiyo nusu ya geji si lazima iwe nusu ya petroli. Dreva yeyote wa siku nyingi ajua kwamba kijiti hukawia sana karibu na alama ya kujaa, kisha kikipita katikati huteremka kwa haraka kama mtu akimbiaye mvua.

Taa ya akiba ikiwaka, tangi halijakauka. Kwa kawaida hubaki lita chache, kwa motakaa ndogo labda 5 au 7, na kitabu cha gari husema ni ngapi. Hata hivyo, si busara kuizoea akiba hiyo. Katika magari mengi ya siku hizi pampu ya petroli imo ndani ya tangi lenyewe, na petroli ndiyo iipozayo. Anayetembea na tangi karibu tupu kila siku huichosha pampu yake kwa joto, na bei ya pampu moja hununua petroli ya safari nyingi.

Basi, la kwanza ni kujua kadiri ya tangi. Imeandikwa katika kitabu cha gari. Motakaa ndogo nyingi hubeba lita 40 mpaka 50. Pikapu za Toyota Hilux za siku hizi hubeba lita 80. Pikipiki za bodaboda hubeba kiasi cha lita 11. Hapa huzuka ugomvi ambao umewagombanisha watu wengi bure. Mwenye gari amesoma kwamba tangi lake ni la lita 50, naye amefika kituoni likiwa karibu kukauka; pampu inaandika 52, na mara moja anapiga kelele kwamba ameibiwa. Huenda ameibiwa, lakini huenda hakuibiwa. Kadiri iliyoandikwa kitabuni ni ile ambayo mtengenezaji anataka itiwe. Juu yake ameacha nafasi tupu ya hewa, na tena ipo shingo ndefu ya kutilia petroli. Ukiendelea kushindilia, nafasi ile na shingo ile hujaa pia. Mwenye kushuku pampu atazame kwanza kama ilianzia sifuri, kisha atafute muhuri wa maofisa wa Vipimo na Mizani, ambao huzipima pampu kwa chombo chao cha kadiri inayojulikana. Bei nayo haifichiki: tangu Desemba 2010 bei ya juu kabisa ya petroli huwekwa kwa amri, mji kwa mji, na Isiolo ina bei yake.

La pili ni kujua gari linakula kiasi gani. Wengi hujibu swali hili kwa kukisia, au kwa kurudia maneno ya aliyewauzia gari. Njia ya kweli ni nyepesi. Jaza tangi mpaka pampu ijifunge yenyewe, kisha andika hesabu ya kilomita iliyo mbele ya usukani. Tuseme ni 41,200. Endesha siku kadhaa kama desturi yako. Rudi kituo kile kile, ikiwezekana pampu ile ile, ujaze tena mpaka ijifunge. Tuseme imetia lita 26, na hesabu ya kilomita sasa ni 41,486. Gari limekwenda kilomita 286 kwa lita 26. Gawanya, na jibu ni kilomita 11 kwa lita moja. Kufanya hivi mara moja hakutoshi, maana mzigo, upepo na njia hubadilika. Afanyaye mara tatu au nne ataijua tabia ya gari lake kuliko mtu yeyote atakayemwambia.

Sasa hesabu ya safari yawezekana. Mwenye gari hilo, ikiwa tangi lake ni la lita 50, asizihesabu zote 50. Aondoe 6 za akiba, zibaki 44. Mara 11, ni kilomita 484. Kutoka Isiolo mpaka Marsabit ni kilomita 260 hivi, kwa hiyo atafika bila shaka. Kutoka Isiolo mpaka Moyale ni kama 500, kwa hiyo hatafika ila kwa kula akiba yake. Basi ajaze Marsabit, hata kama geji inamwonyesha nusu na moyo unamwambia kwamba inatosha. Upande wa mashariki jambo ni gumu zaidi. Njia ya Kula Mawe, Modogashe na Habaswein kwenda Wajir yapita kilomita 300, na pikapu iliyopakiwa mbuzi, ikikokota mchanga kwa gia ya pili, yaweza kushuka kutoka kilomita 10 kwa lita mpaka 6. Lita 80 ambazo mtu alidhani zitampeleka kilomita 800 zitampeleka 480, tena bila akiba. Kipupa cha hewa baridi na mizigo juu ya paa hula sehemu yao pia. Gari likikauka katikati ya njia ile mchana wa Februari, maji ya kunywa ndiyo yaishayo kwanza.

Inabaki kazi ya kujaza, na hapa makosa ni mengi.

Kituoni husikika maneno kama haya. Kijana wa pampu auliza, “Mzee, nijaze?” na mzee ajibu, “Jaza, mwanangu, mpaka niione kwa macho.” Pampu imekwisha kujifunga, lakini kijana, kwa heshima, aendelea kuibana kidogo kidogo hata petroli inaonekana shingoni. Mzee anafurahi. Anaegesha gari juani mbele ya msikiti, na baada ya saa moja petroli inachuruzika mchangani.

Sababu yake ni joto. Petroli hukaa katika matangi yaliyofukiwa ardhini, nayo hutoka ikiwa na ubaridi. Ikipata joto la Isiolo huvimba: kila joto lizidipo kwa nyuzi 10, petroli huongezeka kiasi cha sehemu moja katika mia. Lita 60 zikiongezewa nyuzi 15 huzaa karibu lita nzima, na lita hiyo lazima ipate pa kwenda. Ndiyo kazi ya nafasi tupu aliyoiacha mtengenezaji. Katika magari ya siku hizi lipo pia kopo lenye makaa la kunasa mvuke wa petroli. Likiingiwa na petroli yenyewe huharibika, na injini huanza kusumbua bila fundi kujua kwa nini. Pampu ikijifunga, basi imekwisha. (Wako wasemao kwamba inafaa kununua alfajiri, kwa kuwa petroli ni baridi na lita huwa nzito. Kwa kuwa matangi yako chini ya ardhi, ambako joto la usiku na la mchana halipishani sana, faida hiyo haionekani mfukoni.)

Kabla ya kutia petroli injini izimwe, sigara isiwepo karibu, na abiria wa bodaboda ashuke. Si petroli yenyewe iwakayo bali mvuke wake, na petroli hutoa mvuke hata katika baridi kali ya nchi za Ulaya, sembuse Isiolo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi. Hutambaa chini kama maji, huingia mtaroni, na waweza kukutana na jiko la mama muuza chai aliye mbali kidogo, kisha moto ukarudi kwa njia ile ile. Mambo hayo yameonekana. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, na watu wakakimbilia na ndoo na madumu wapate petroli ya bure. Moto uliwaua zaidi ya watu 100. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Julai 2010, yalitokea hayo hayo Sange, Kongo ya mashariki, wakafa zaidi ya 200. Na tarehe 10 Agosti 2019 Morogoro, Tanganyika ya zamani. Lori la mafuta likianguka, aliye karibu aende mbali, upande utokako upepo, awaite na watoto wake.

Anayechukua akiba njiani achague chombo kilichotengenezwa kwa petroli. Jerikeni ya chuma ya lita 20 yafaa, nayo isijazwe mpaka mdomoni. Dumu la plastiki la maji au la mafuta ya kupikia halifai. Wakati wa kujaza, chombo kiwekwe chini juu ya ardhi, wala kisijazwe kikiwa juu ya pikapu au ndani ya gari. Petroli ikimiminika huzaa umeme mdogo kwa msuguano, kama ule usikikao mtu avuapo shati la nailoni, na chombo kisipogusa ardhi cheche yaweza kuruka. Mdomo wa pampu uguse mdomo wa chombo.

Petroli ya pipa ina hatari nyingine, nayo ni maji. Pipa likisimama wima nje, mvua hujikusanya juu ya kifuniko chake, na pipa lipatapo baridi ya usiku huvuta hewa ndani pamoja na maji yale. Kwa hiyo pipa lilazwe, au liinamishwe ili mdomo uwe upande wa juu. Petroli ni nyepesi kuliko maji, maji hukaa chini kabisa. Basi mabaki ya mwisho ya pipa yasitiwe tangini, na kilichobaki kipitishwe katika faneli yenye kichujio. Mtu asinyonye petroli kwa mpira na kinywa chake. Kidogo kikiingia mapafuni chaweza kumwua, na akimeza asitapishwe, apelekwe hospitali.

Ikitokea kwamba dizeli imetiwa katika gari la petroli, au petroli katika gari la dizeli, ufunguo usizungushwe hata mara moja. Pampu ya dizeli hupata ulaini wake katika dizeli yenyewe, na petroli huuosha ulaini huo, chuma kikasagana na chuma. Gari lisukumwe kwa mikono mpaka pembeni, fundi alifungue tangi, alikaushe. Kazi hiyo ni ya nusu siku. Injini ikishawashwa, huenda ikawa ya wiki kadhaa, na vipuli vitoke Nairobi.